Uongezaji wa floridi katika maji ya kunywa

Uongezaji wa floridi katika maji ya kunywa ni utaratibu wa kutia kiasi kidogo cha floridi (kampaundi ya elementi florini) katika maji ya bomba ili kupunguza kuoza kwa meno.

Historia

Mji wa kwanza kufanya hivyo ulikuwa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani, tarehe 25 Januari 1945. Tangu mwaka 2015 kiwango kinachopendekezwa nchini humo ni miligramu 0.7 kwa lita.

Mjadala

Wanaounga mkono husema kwamba maji hayo huwafikia watu wote, hata maskini wasiomudu gharama za daktari wa meno. Wanaopinga hudai kwamba watu hunyweshwa bila ridhaa yao, na kwamba siku hizi dawa ya meno yenye floridi inatosha. Wengine huhofia madhara kwa akili za watoto. Ushahidi uliopo unahusu hasa maji yenye zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 2025 Utah ilikuwa jimbo la kwanza la Marekani kupiga marufuku uongezaji huo.

Afrika Mashariki

Katika Bonde la Ufa tatizo ni kinyume chake: floridi ya asili kutoka miamba ya volkeno imezidi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, lakini baadhi ya vyanzo vya maji mkoani Arusha hukipita kwa mbali. Watoto wanaokunywa maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia; yakinywewa miaka mingi, maji yenye floridi nyingi sana huweza kulemaza mifupa. Kuchemsha hakuondoi floridi. Njia mojawapo ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe.