Ile Sifuri ya Kikopey

Wasee, mkisimama Kikopey kula choma, angalieni namba zilizopakwa kwa ukuta wa bucha. Zote zinaanza na sifuri. Hiyo sifuri si sehemu ya namba.

Ni ya enzi za simu za waya. Ukiwa Nakuru na unataka mtu wa Nairobi, ulianza na 0 kuambia mtambo unatoka nje ya eneo lako, halafu kodi ya mji. Nakuru yenyewe ni 051. Safaricom na Kencell zilipokuja mwaka 2000 zikaingia na 072 na 0733, na sifuri tukaimeza mzima mzima. 254 ya Kenya ni mzee zaidi, ya miaka ya 1960.

Siku hizi simu inarekebisha yenyewe: inaangalia laini yako ni ya nchi gani, inatoa sifuri, inaweka +254. Poa, mpaka binamu yangu akaenda Muscat na kuweka laini ya Oman. Namba za nyumbani alikuwa ameziseva na 07. Wiki mbili hakumpata mamake! Na si Oman tu. 0754 hapa ni Airtel, Dar ni Vodacom, yaani tarakimu zilezile, watu wawili.

Tena tangu 2019 kuna namba za 01, na bado kuna fomu za mtandaoni zinazikataa. Kisa? Aliyeziandika alidhani Mkenya ni 07 pekee.

Wenye bucha, mkipaka ukuta tena, andikeni +254. Rangi ni ileile.