SIKU KUMI ZA EDINBURGH, NA SWALI TUNALOLIKIMBIA



Ndugu yangu katika imani, wiki hii nimeletewa ujumbe mmoja na watu zaidi ya kumi. Unasema zamani Wakristo walikutana kwa siri huko Ulaya wakapanga kuufuta Uislamu Afrika. Mwisho wake umeandikwa: "Sambaza haraka." Wengi mmeniuliza, "Sheikh, ni kweli haya?"

Mkutano ulikuwepo. Siri haikuwepo. Mwenyezi Mungu katika Suratul Hujurat ametuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi, na katika Suratul Maida ametuonya kuwa chuki ya watu isituondoe kwenye uadilifu. Basi tulia nikusimulie, kwani ukweli wa jambo hili una faida kwako kuliko uvumi.

Mkutano ulifanyika Edinburgh, Uskoti, kuanzia tarehe 14 hadi 23 Juni 1910. Walihudhuria wajumbe wapatao 1,200 wa jumuiya za kimisionari za Kiprotestanti. Wakatoliki na Waorthodoksi hawakuwamo. Mwenyekiti alikuwa Mmarekani, John R. Mott, na katibu alikuwa J. H. Oldham. Swali lao lilikuwa moja: Injili itaufikiaje ulimwengu wote, tena ndani ya kizazi chao?

Sasa tazama walivyojiandaa. Kabla ya mkutano waliunda tume nane. Tume hizo zikawaandikia wamisionari walioko Asia, Afrika na kwingineko, zikawauliza maswali: Mnakwama wapi? Watu hawa wanaamini nini? Dini yao inawapa faraja gani hata wasiiache? Tume moja ilishughulikia dini nyingine tu, Uislamu ukiwemo. Majibu yakakusanywa, ripoti zikachapwa. Mwisho wa yote vikatoka vitabu tisa, vikauzwa hadharani. Siri gani hiyo inayouzwa dukani?

Na walisema nini juu yetu? Walisema Uislamu unasonga mbele Afrika, na wakaona kama hawakufanya haraka bara hili litakuwa la Waislamu. Waliona pia kwamba anayeupeleka Uislamu si jumuiya yenye ofisi na bajeti. Ni mfanyabiashara, ni mwalimu wa chuo, ni msafiri wa kawaida anayeswali popote anapotua.

Ndugu yangu, hao ni wazee wetu! Hawakuwa na redio wala simu. Walikuwa na swala, usafi na ahadi isiyovunjwa. Lakini uadilifu unatudai tuseme yote: si kila msafara ulibeba heri. Ilikuwepo biashara ya watumwa, na wamo waliojiita Waislamu walioifanya. Tusijisifu kwa nusu ya historia.

Wao nao walikuwa na aibu yao. Walikuja kuzungumzia ulimwengu mzima, lakini karibu ukumbi wote ulikuwa watu wa Ulaya na Marekani. Mwafrika mweusi anayejulikana kuwamo ni mmoja tu, Mchungaji Mark Hayford kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Akasimama Mhindi mmoja, V. S. Azariah, akawaambia waziwazi kuwa wamisionari wametoa mali na hata maisha yao, lakini kukaa na wenyeji kama rafiki na rafiki, hilo bado. Baadhi ya waliomsikia walichukia. Lakini aliruhusiwa kusema, na maneno yake yakachapwa.

Mipango ya binadamu ina mwenye kuihukumu. Miaka minne baadaye, mwaka 1914, mataifa yaleyale yakaingia vitani yenyewe kwa yenyewe. Vita vikafika hapa kwetu, Tanganyika ikiwa chini ya Wajerumani, na wamisionari wa Kijerumani wakaja kuwekwa kizuizini na Waingereza, Wakristo wenzao. Kizazi kilichokusudiwa kufikishiwa Injili kilizikwa kwa maelfu. Sisemi haya kwa kucheka. Nasema ili ujue kuwa Allah ndiye mpangaji.

Hata hivyo kazi yao haikufa. Mwaka 1923 Kasisi Godfrey Dale, mmisionari wa Zanzibar, alichapisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kiswahili. Alijifunza Kiarabu, akajifunza Kiswahili, akakaa na kitabu chetu kwa miaka, akaambatisha maelezo ya kukipinga. Wanazuoni wetu wakaona haja ya kujibu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alianza tafsiri na akaanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932. Lakini tafsiri kamili ya mwanazuoni wa Kisunni, ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ilitoka mwaka 1969. Hesabu mwenyewe: miaka 46. Mtu asiyeiamini Qur'ani alitutangulia kuifasiri kwa lugha yetu kwa miaka 46!

Hapo ndipo pa kulia, si kwenye ujumbe wa "sambaza haraka".

Wao walikaa siku kumi wakijiuliza, "Tunakwama wapi?" Sisi tuliamrishwa kushauriana kabla Edinburgh haijasikika. Je, kamati ya msikiti wako ilikutana lini bila kugombana? Mwalimu wa madrasa mtaani kwako analipwa kiasi gani, na analipwa kwa wakati? Mwanao akiulizwa na rafiki yake Mkristo kwa nini tunafunga, atajibu au atakasirika?

Jirani yako Mkristo hakukaa Edinburgh. Ana haki ya ujirani juu yako. Msalimie, mwamkie akiumwa, mtendee kwa haki. Huenda tabia yako ndiyo kitabu pekee cha Uislamu atakachokisoma.

Ewe Mola, turuzuku elimu yenye manufaa, na uadilifu hata kwa tunaotofautiana nao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.