Haki za Waogiek wa Mau

Waogiek ni jamii ya wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau, Kenya. Mizinga yao ya magogo hutundikwa juu ya miti. Oktoba 2009 serikali iliwapa siku 30 wahame, ikisema inalinda chanzo cha maji. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilikataa hoja hiyo tarehe 26 Mei 2017: walioharibu msitu si wao. Mwaka huohuo serikali iliunda jopokazi la utekelezaji. Juni 2022 Mahakama iliamuru fidia ya shilingi 157,850,000 za Kenya pamoja na hatimiliki ya pamoja ya ardhi. Hata hivyo, Novemba 2023 nyumba za Waogiek zilibomolewa tena.