Sarah Goodridge, Fundi wa Picha za Kiganjani

Karatasi ilikuwa ghali katika nyumba yenye watoto tisa. Sarah Goodridge, aliyezaliwa Templeton, jimbo la Massachusetts, mwaka 1788, alianza kuchora watu kwa ncha ya pini juu ya magome ya miti, na kwa kijiti juu ya sakafu ya jikoni iliyonyunyizwa mchanga. Alifundisha shule kwa muda, akapata masomo machache ya uchoraji Boston, na mbinu za picha ndogo akazipata kwa mchoraji Elkanah Tisdale. Mwaka 1820 alifungua chumba chake cha kazi mjini humo, akiishi kwa dada yake na shemeji yake, Thomas Appleton, fundi wa vinanda vya kanisani.

Picha hizo ndogo zilivaliwa shingoni kama kidani au kutiwa mfukoni, na zilichorwa juu ya pembe ya ndovu. Pembe hukatwa vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, kisha husuguliwa, kwa sababu hainyonyi rangi ya maji kama karatasi. Rangi ikizidi, hutiririka; ukirudia mahali pamoja, brashi hung'oa ulichokwisha kuchora. Basi mchoraji huenda nukta kwa nukta, na ustadi wenyewe ni kujua pa kuacha: uso hung'aa kwa kuwa pembe inaonekana chini ya rangi nyepesi.

Pembe hiyo inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Meli za Salem, bandari iliyo jirani na Boston, zilianza kufika Unguja miaka ya 1820, na mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sultani Sayyid Said na Marekani ukaikuza biashara: vitambaa vya merikani vikishushwa, pembe na sandarusi zikipakiwa. Shehena kubwa ilikwenda kwa watengeneza vitana na vibonyezo vya piano. Wachoraji walihitaji vipande vidogo tu.

Gilbert Stuart, aliyemchora George Washington, alivutiwa na kazi ya Goodridge, akamruhusu kupeleka kwake picha ambazo hazijakamilika ili azikosoe. Yapata mwaka 1825 mwanafunzi akamchora mwalimu: mzee mwenye jicho kali, asiyerembwa hata kidogo. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake bora. Wateja walimiminika, akawa anamaliza picha mbili kwa wiki. Hakuolewa, na kwa brashi hiyo alimtunza mama yake na kumlea mpwa aliyefiwa na wazazi. Mdogo wake, Eliza, naye alishika kazi hiyohiyo.

Macho yake yalipochakaa aliacha kazi, akanunua nyumba katika mji wa Reading mwaka 1851. Alifariki Desemba 1853, wakati ambapo kamera ilikuwa tayari imeanza kuwanyang'anya wachoraji wateja.

Leo anatajwa zaidi kwa kipande kimoja cha mwaka 1828, kisichofika sentimita 10 kwa upana, ambamo alichora kifua chake mwenyewe kikiwa wazi na kumpa Daniel Webster, mwanasiasa aliyekuwa amefiwa na mke mwaka huohuo. Webster alioa mwanamke mwingine mwaka uliofuata, lakini aliendelea kukaa mbele ya Goodridge achorwe, zaidi ya mara kumi kwa jumla. Kipande hicho kilibaki katika ukoo wa Webster hadi karne ya 20. Sasa kimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, jumba lilelile lenye picha aliyomchora Stuart, na umaarufu wake umeifunika ile iliyo bora.