Ua Kama Darasa: Nyumba, Wapangaji na Kiswahili katika Mitaa ya Tabora baada ya 1945

1.0 Utangulizi

Tarehe 7 Novemba 1857, Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Kazeh, makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili katika nchi ya Unyanyembe, mahali ambapo leo ni mji wa Tabora. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika Burton kwa makini ni nyumba. Hakukuta mji wenye mitaa iliyopangwa. Alikuta tembe kubwa sita hivi, kila moja ikiwa na ua katikati, bustani, maghala na vibanda vya watumwa. Wanahistoria wa biashara ya pembe na ya watumwa wameyatumia sana maelezo hayo. Wanaisimu wa Kiswahili hawajayapa uzito unaostahili, ilhali yanawahusu kwa karibu: katika Unyanyembe, lugha ya pwani ilipopata makao, makao hayo yalikuwa na ua.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kuenea kwa Kiswahili bara hutaja njia tatu, yaani misafara, dini, na serikali pamoja na shule zake. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Yanaeleza jinsi lugha ilivyosafiri. Hayaelezi jinsi ilivyotulia. Mpagazi aliweza kukitumia Kiswahili njiani kwa miaka ishirini, kisha akarudi kwake na kuwalea watoto kwa Kinyamwezi. Mwanafunzi naye aliweza kukiandika vizuri darasani na kukiacha mlangoni pa shule. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: ni wapi Kiswahili kilipogeuka kutoka lugha ya safari na kazi kikawa lugha ya kumbembelezea mtoto? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, kwa upande wa Tabora, sehemu kubwa ya jibu imo katika nyumba ya kupangisha ya uswahilini, hususan katika ua wake, katika miaka iliyofuata Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

2.0 Kutoka Msonge na Tembe hadi Nyumba ya Ukumbi

Historia ya makazi ya Tabora inaweza kusomwa kupitia aina tatu za nyumba. Ya kwanza ni msonge wa Kinyamwezi, nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi. Ya pili ni tembe, nyumba ndefu ya pembe nne yenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo. Tembe ya Kwihara, ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, imejengwa upya na kuhifadhiwa kama makumbusho. Ya tatu ni ile inayoitwa nyumba ya Kiswahili: ina paa la mgongo, baraza mbele, ukumbi unaopita katikati hadi uani, na vyumba kila upande, aghalabu vitatu kwa vitatu. Nyuma kuna ua wenye jiko, choo na bafu, na penye bahati, kisima.

Tofauti ya nyumba hizi si ya umbo tu. Msonge ni nyumba ya watu wamoja. Familia ikikua, hujengwa msonge mwingine kando yake. Tembe kubwa ya mfanyabiashara ilikuwa nyumba ya bwana mmoja na wote waliokuwa chini yake, yaani jamaa, wageni, wafuasi na watumwa. Nyumba ya ukumbi inagawanyika. Kila chumba kina mlango wake unaofungwa kwa kufuli, na kila mlango unatazama ukumbi mmoja. Hivyo watu wasio ndugu, wasio na bwana mmoja wala kabila moja, waliweza kulala chini ya paa moja kwa makubaliano ya kodi.

Mazingira yaliyoifanya nyumba hii iwe ya lazima yalitokana na reli. Baada ya mtemi Isike kushindwa na Wajerumani na kufa ndani ya ngome yake Januari 1893, Unyanyembe iliwekwa chini ya utawala wa kikoloni. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikakosa kazi. Septemba 1916 mji ulitekwa na majeshi ya Wabelgiji, na baadaye ukawa chini ya Waingereza. Mwaka 1928 njia ya reli ya Mwanza ilikamilika, na Tabora ikawa njia panda. Waliopita zamani kama wapagazi wakaanza kukaa kama wafanyakazi wa karakana, makuli, makarani, mafundi na wachuuzi. Mji wenyewe, kama miji mingine ya Tanganyika, uligawanywa kwa desturi ya kikoloni: uzunguni, uhindini na uswahilini.

3.0 Mitaa baada ya Vita

Vita vilipokwisha mwaka 1945, askari wa Tanganyika waliokuwa wametumikia jeshi la Mwingereza walikuwa 87,000 hivi. Wengi walirudi na akiba ndogo ya fedha na Kiswahili cha kambini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, na Urambo, magharibi ya Tabora, ikawa mojawapo ya sehemu zake tatu. Mradi huo uliachwa mwaka 1951 baada ya hasara kubwa, lakini ulikuwa umekwisha kuwahamisha watu. Mwaka huohuo wa 1947 mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam ulienea kufuata reli. Kwa hakika, reli iliyosafirisha mizigo ilikuwa sasa inasafirisha pia habari na madai ya mishahara, na lugha ya madai hayo ilikuwa Kiswahili.

Waliofika Tabora walikaa katika mitaa kama Ng'ambo, Gongoni, Chemchem, Kanyenye, Isevya na Kiloleni. Baadhi ya majina ya mji huu yanajieleza yenyewe. Chemchem ni jina la maji. Ng'ambo ni jina la mtu anayetazama kutoka upande wa pili. Tambukareli linamwelekeza msikilizaji avuke reli. Mitaani humo Mnyamwezi alikaa na Msukuma, Muha, Mmanyema ambaye wazee wake walitoka mashariki ya Kongo, na mzawa wa ndoa za Waarabu na wenyeji. Ndoa hizo zina historia ndefu: Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe.

Kwa mtu wa kipato kidogo, nyumba ndiyo iliyokuwa benki na pensheni. Ilijengwa kwa hatua. Leo zilisimamishwa nguzo na fito, kesho ukakandikwa udongo. Vyumba viwili vya mbele vikipata wapangaji, kodi yao ilijenga vya nyuma. Paa la nyasi lilifuatwa na madebe yaliyokunjuliwa, kisha mabati. Mwenye nyumba mara nyingi aliishi chumba kimoja katika nyumba yake mwenyewe. Katika miji ya pwani na ya reli wamiliki wengine walikuwa wanawake, ambao kwao chumba cha kupangisha kilikuwa kinga dhidi ya talaka, ujane na uzee.

4.0 Ua na Kazi Yake

Maisha ya nyumba ya ukumbi yalikuwa na ratiba isiyoandikwa. Alfajiri ua ulifagiliwa kwa zamu. Maji yalitekwa kwa zamu, na bafu lilisubiriwa kwa zamu. Kila mke alikuwa na mafiga yake au jiko lake la mkaa, lakini chumvi, moto na kinu viliazimwa. Wakati wa maembe, matunda ambayo Tabora inasifika kwayo, watoto wa vyumba vyote walikula pamoja. Pamoja na unga wa mahindi na wa muhogo kulikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo masimulizi yanayojulikana sana huvitaja kuwa asili ya jina la Tabora lenyewe.

Maisha haya hayakuwa ya amani tu, na hapo ndipo penye jambo la kiisimu. Lugha ya njiani ilihitaji maneno ya bei, mzigo, maji na mwendo. Lugha ya ua ilihitaji maneno ya kusuta, kuomba radhi, kubembeleza, kufumba na kupatanisha. Mwanamke wa Kiha aliyeona zamu yake ya maji imerukwa na jirani wa Kisukuma hakuweza kudai haki yake kwa Kiha, wala jirani hakuweza kujitetea kwa Kisukuma mbele ya mama mwenye nyumba wa Kimanyema. Kesi ilisikilizwa kwa Kiswahili, na aliyekijua vizuri zaidi alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Ndiyo maana mafumbo, methali na maneno ya kanga yalishika mizizi mapema: yalikuwa silaha za watu wasioweza kuhamana kwa urahisi.

Ua ulifundisha pia majina ya heshima. Mpangaji hakuitwa kwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa Mama Fulani au Baba Fulani, kwa jina la mtoto wake. Mwenye nyumba alikuwa baba au mama hata kwa mpangaji aliyemzidi umri. Shikamoo, ambayo asili yake huhusishwa na unyenyekevu wa mtumwa mbele ya bwana, ilikuwa haki ya kila mkubwa kutoka kwa kila mdogo, bila kuuliza nani alizaliwa mwungwana. Utani nao, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo uliohusishwa na safari za misafara, uliwapa majirani ruhusa ya kusemana bila kukasirikiana. Watoto waliocheza katika ua huo walisikia lugha mbili au tatu vyumbani, lakini mchezo wenyewe ulikuwa na lugha moja.

Inaweza kudaiwa kwamba sababu halisi ilikuwa dini, kwa kuwa tariqa ya Qadiriyya, madrasa na maulidi vilikuwa na nguvu Tabora. Dai hili lina uzito. Hata hivyo, katika nyumba za kupangisha Mkristo aliweza kuwa mlango wa pili kutoka kwa Mwislamu, na wote wawili walitumia choo kimoja na Kiswahili kimoja. Wala isifikiriwe kwamba Kinyamwezi kilikufa. Kiliendelea kuwa na nafasi yake katika matambiko, ngoma, uganga na safari za kijijini. Kilichobadilika ni mgawanyo wa kazi za lugha.

Ikumbukwe kwamba Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kwa kipimo hicho, Kiswahili cha bara kilihesabiwa mara nyingi kuwa kibovu. Lakini usanifishaji ulikipa Kiswahili tahajia na vitabu. Watoto wa kukisema tangu wanapoamka ulikipa ua.

5.0 Baraza na Mambo ya Umma

Ua ukiwa uso wa ndani wa nyumba, baraza ilikuwa uso wake wa nje. Hapo wanaume walicheza bao, na mwenye kujua kusoma aliwasomea wenzake gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Miaka ya 1950 redio iliongezeka, na mji wenyewe ukatoa bendi zilizosikika mbali, Kiko Kids na baadaye Tabora Jazz, zilizoimba kwa Kiswahili.

Januari 1958 mkutano mkuu wa TANU ulifanyika Tabora na kuamua kushiriki katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Uamuzi huo, unaoitwa Uamuzi wa Busara, ulijadiliwa kwa Kiswahili na wajumbe wa makabila mengi. Si ajabu kwamba mji wa namna hii uliweza kuupokea mjadala mkali kama huo. Wakazi wake walikuwa wamezoea kubishana na watu wasio wa kwao, kisha kulala chini ya paa moja nao. Baada ya uhuru, TANU yenyewe iliuweka mpangilio wake wa msingi juu ya nyumba, kwa kuanzisha mashina ya nyumba kumi na mabalozi wake.

6.0 Mabadiliko na Hitimisho

Sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iligusa zaidi majumba ya uhindini. Nyumba za udongo na mabati za uswahilini zilibaki mikononi mwa wenyewe. Mabadiliko makubwa kwao yamekuja taratibu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika Manispaa ya Tabora watu zaidi ya 226,000, na ya mwaka 2022 zaidi ya 308,000. Mradi wa maji ya Ziwa Victoria ulizinduliwa mwaka 2021. Nyumba mpya zina ukuta na geti; chumba cha kupanga hutafutwa chenye choo na jiko ndani. Mwanamke aliyesubiri zamu ya ndoo kwa nusu karne hana sababu ya kuililia foleni ile, na hakuna mtafiti mwenye haki ya kumtaka ailililie.

Lakini zipo sababu za kuiandika. Watu wazima waliohamia mitaa hii mwishoni mwa miaka ya 1940 wamebaki wachache mno, na waliozaliwa ndani ya ua zake sasa ni wazee. Wanajua nani alisema nini kwa nani, kwa lugha gani na kwa sababu gani. Mambo hayo hayamo katika nyaraka za boma wala katika kumbukumbu za shule. Wakati huohuo neno uswahilini limezoeleka kutumiwa kwa dharau, likimaanisha kelele, umbea na msongamano. Kelele zile zilikuwa mazungumzo, na umbea ule ulikuwa ufundi wa lugha. Taaluma inayojivunia kwamba Kiswahili ni lugha ya mamilioni ina deni kwa akina mama waliogombana, wakapatana na kulea watoto kwa Kiswahili katika ua za Gongoni, Ng'ambo na Isevya. Deni hilo litalipwa kwa kwenda kuwasikiliza wangali hai.