Mpaka wa Mji na Kijiji Katika Historia ya Kongo

Shuleni tulifundishwa kuutambua mji kwa wingi wa watu, majengo, umeme na kazi zisizo za kilimo. Kwa nchi yangu, Kongo, maelezo hayo hayatoshi. Tangu enzi za Wabelgiji mji umekuwa mji kwa sababu serikali imeandika hivyo, na maandishi hayo yameamua mtu atawaliwe na nani na shamba lake liwe la nani.

Tuanze na Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ikiitwa Elisabethville. Wazungu walikaa katikati. Waafrika walitengewa mtaa wao, ambao leo ni Kamalondo, na baina ya pande hizo mbili likaachwa eneo tupu. Mgeni angeona mji mmoja. Sheria iliona miwili. Dekreti ya 23 Novemba 1931 iliyaita makazi ya namna hiyo "centre extra-coutumier", yaani mahali palipo nje ya mila. Jina hilo halitaji nyumba wala barabara, linataja watu waliotoka chini ya chifu wao. Kwa fikra za watawala, kwao Mwafrika ni kijijini, na akikaa mjini lazima awe na kibali. Vijiji navyo vilipangwa na dekreti ya 5 Desemba 1933, chini ya machifu waliotambuliwa na serikali. Kambi za Union Minière hazikukaa vizuri upande wowote: kampuni ndiyo iliyotoa kazi, nyumba, posho na shule.

Mpaka leo mkazi wa Katuba akielekea katikati ya Lubumbashi husema anakwenda "ville", kana kwamba anakotoka si mjini.

Baada ya uhuru, uzito wa mpaka huu ulihamia kwenye ardhi. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ya mjini ni ile iliyomo ndani ya maeneo yaliyotangazwa kisheria kuwa ya mjini, na nyingine yote ni ya kijijini. Haiulizi kama hapo pamelimwa mahindi au pamejengwa ghorofa. Sheria hiyohiyo iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, ikaahidi kwamba haki za wanaolima kwa mujibu wa mila zitafafanuliwa na amri ya rais. Miaka ikapita, amri haikutoka.

Halafu ikaja sheria ya 7 Oktoba 2008. Makao makuu ya jimbo ni mji moja kwa moja. Kwingineko panahitajika wakazi wasiopungua 100,000, huduma za pamoja, na dekreti ya Waziri Mkuu. Kwa komuni, wakazi 20,000. Tarakimu hizi zinaonekana za kitaalamu, lakini tujiulize zinapimwa kwa nini. Sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984. Idadi inayotajwa ni makadirio, kwa hiyo kati ya masharti hayo, lenye nguvu ni dekreti. Kwa maoni yangu hapo hatujatoka mbali na mwaka 1931.

Juni 2013 Baraka, Kamituga na Uvira, katika Kivu Kusini, zilipewa hadhi ya mji. Utekelezaji ulichelewa miaka kadhaa, na kwa muda huo mahali palikuwa mji kwenye karatasi huku pakiendeshwa kama zamani. Chukua mama anayelima muhogo pembeni mwa mji kama huo. Jana, jirani akimwingilia shamba, alikwenda kwa kapita, na juu ya kapita yuko mwami. Wazee walisimama wakaonyesha mti uliopandwa na babu yake. Mpaka wa mji ukishasogezwa ukalipita shamba lake, anatumwa ofisi ya ardhi, na huko anaulizwa hati. Anao wazee na mti tu, na muhogo uliobaki miezi michache uvunwe.