Majalada ya Waliokamatwa Vigwaza

Mtu aliyekamatwa Vigwaza huondolewa Vigwaza, na habari zake zilizoandikwa huondoka pamoja naye. Kijiji hiki kipo kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, baina ya Mlandizi na Chalinze, katika Wilaya ya Bagamoyo. Lakini karatasi za watu wake waliotiwa mbaroni tangu enzi ya Wadachi zimetawanyika katika miji ambayo baadhi yao hawakupata kuiona. Mtafutaji aendaye kijijini atawakuta wazee wenye masimulizi ya thamani, na yampasa kuyasikiliza. Karatasi hataipata kwao. Ili aipate, budi ajiulize swali moja kabla ya mengine yote: katika mwaka ule, nani alikuwa na mamlaka ya kuhukumu? Karatasi ya jinai humfuata hakimu, na hakimu katika nchi hii amebadilishwa mara nyingi.

Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani mpaka serikali ilipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Mashauri ya wenyeji yaliamuliwa na maliwali, maakida na majumbe, na yaliyo makubwa yalipelekwa bomani. Tarehe 22 Aprili 1896 Chansela wa Ujerumani alitoa amri juu ya adhabu za wenyeji. Viboko visizidi ishirini na vitano kwa mara moja, na mara ya pili isitangulie wiki mbili, wanawake wasichapwe, Waarabu na Wahindi nao wasichapwe. Hesabu hiyo ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu kwa jina la hamsa ishirini. Adhabu zilitakiwa kuandikwa daftarini na hesabu zake kupelekwa kwa wakubwa, na kwa ajili hiyo taarifa za mwaka zilizochapwa Ujerumani huonyesha wangapi walichapwa, wangapi walifungwa, wangapi walinyongwa. Majina hayamo. Mzaramo au Mkwere aliyechapwa bomani amesalia katika taarifa hizo kuwa tarakimu moja ndani ya tarakimu kubwa, na mjukuu wake hawezi kumtambua.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifukia ardhini sehemu ya majalada yao, na baadhi yakafukuliwa baada ya vita chini ya Waingereza. Yaliyosalimika yamehifadhiwa Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Majalada ya Wizara ya Makoloni yenyewe yamo Berlin. Atakayeyasoma ajitayarishe kwa mwandiko wa kale wa Kijerumani ambao hata Wajerumani wa leo wengi huwashinda. Wala Kijerumani peke yake hakitoshi, kwa maana barua za pwani zilizopelekwa kwa wakubwa ziliandikwa kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu; Büttner alichapisha mkusanyo wa maandiko ya namna hiyo mwaka 1892. Ni jambo la kusikitisha kwamba wasomi wengi wa Kiswahili siku hizi hawazijui hati hizo, na hivyo barua za babu zao wenyewe husomwa kwanza na wageni.

Enzi ya Waingereza ndiyo iletayo makosa mengi kwa watafutaji. Mtu hudhani kwamba kesi ya jinai ya mwaka 1935 itakuwa mahakamani, kwa kuwa ilikuwa kesi. Lakini Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya mwaka 1929 iliziweka mahakama hizo chini ya maofisa wa utawala, mbali na Mahakama Kuu. Rufaa ilipanda kwa Bwana Shauri, ikaenda kwa mkubwa wa jimbo, ikaishia kwa Gavana. Na wakili hakuruhusiwa kusimama humo. Mkusanya kodi na msikiliza rufaa walikuwa mtu mmoja, na mtu aliyeshindwa kulipa kodi ya kichwa alikuwa akimlalamikia yule yule aliyemtafuta. Hayo ni ya siasa. Matokeo yake kwa karatasi ni kwamba madaftari ya mahakama za wenyeji yalikuwa mali ya boma. Kwa hiyo mashauri ya miaka hiyo hutafutwa katika majalada ya Wilaya ya Bagamoyo na ya Jimbo la Mashariki, pengine yamechanganyika na habari za kodi, njaa na barabara. Sheria mpya ya mwaka 1951 ilibadili jina la mahakama hizo na ngazi za rufaa, lakini mkono wa boma haukuondoka.

Uliondoka tarehe 1 Julai 1964, ilipoanza kutumika Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963. Mahakama za Mwanzo zilizaliwa, zikawekwa chini ya Idara ya Mahakama pamoja na Mahakama za Wilaya na Mahakama Kuu. Tarehe hiyo yafaa kukaririwa na kila mtafutaji: ya kabla yake huulizwa Nyaraka za Taifa, ya baada yake huulizwa mahakamani kwanza. Tena Mahakama ya Mwanzo huendeshwa kwa Kiswahili, na katika miaka hiyo hakimu aliketi pamoja na wazee wa baraza. Maneno ya mlalamikaji, ya mshtakiwa na ya shahidi yameandikwa humo kwa lugha waliyoyasemea, japo kwa kalamu ya hakimu. Mwanahistoria atafutaye usemi wa mkulima au mchuuzi wa Vigwaza katika miaka ya sitini hatapata mahali palipo bora kuliko hapo. Na bado majalada hayo ndiyo yaliyo hatarini kuliko yote, kwa kuwa kesi ya kuku aliyeibwa haionekani kuwa na uzito wa kutunzwa.

Maombi huandikwa kwa barua kwa hakimu mfawidhi wa mahakama iliyosikiliza kesi, na karani wa masijala ndiye atafutaye. Madaftari hupangwa kwa namba ya kesi na mwaka. Asiye na namba alete walau mwaka. Wazee huhesabu miaka kwa njaa na kwa mafuriko ya Ruvu, na ni kazi ya mtafutaji kuigeuza hesabu hiyo kuwa tarehe. Majina nayo yana mitego: mtu huweza kujulikana kwa jina la baba, la utani na la dini, na kila karani aliandika jinsi alivyosikia. Mahali pa kosa pia pazingatiwe. Mtu wa Vigwaza aliyekamatwa Mlandizi alikamatwa Wilaya ya Kibaha, na jalada lake halina sababu ya kuwa Bagamoyo. Hukumu ni ya wazi, na aliyehukumiwa ana haki ya kuomba nakala yake. Jalada zima halitolewi kwa kila mpita njia, na ndivyo ipasavyo, kwa maana ndani yake yamo majina ya watoto na mashahidi.

Kukamatwa ni jambo jingine. Daftari la kituo cha polisi huandika waliokamatwa. Daftari la mahakama huandika walioshtakiwa tu. Aliyeachiwa kituoni hana kesi, na asiyekuwa na kesi hana hukumu ya kumsafisha mbele ya jirani zake. Mwaka 1983, chini ya Sheria ya Nguvukazi, watu wengi walikamatwa Dar es Salaam kwa kuitwa wazururaji na kurudishwa vijijini bila ya kusomewa hukumu yoyote. Atakayewatafuta katika madaftari ya mahakama atakesha bure. Siku hizi mtu aweza kuomba polisi cheti cha kuonyesha kwamba hana kumbukumbu ya uhalifu, naye hutoa alama za vidole vyake. Cheti hicho huwafaa walio hai. Kwa aliyekufa na sifa ya wizi aliyoachiwa na kijiji, karatasi ya pekee iwezayo kusema neno ni ile ya masijala, ukurasa wenye amri ya hakimu kwamba mshtakiwa aachiwe huru, kama mchwa hawajatangulia.